Kipozaji cha Maji Ndani ya Kasha la Kompyuta: Maswali na Majibu ya Kujiandaa na Mtihani

Kosa ninalokutana nalo zaidi ninaposahihisha kazi za vitendo za ukarabati wa kompyuta haliko kwenye skrubu. Rejeta imekaa sawasawa, mipira imepinda vizuri, feni zinawaka rangi za kupendeza. Mashine inawashwa, prosesa inapanda hadi nyuzi 100, mashine inazima. Ukichunguza unakuta pampu haikupata umeme, au imepata nusu yake, au imefungwa juu kuliko maji yote na sasa inazungusha hewa. Ndiyo maana maswali haya, hata yale yanayoonekana kuzungumzia jambo jingine, yanarudi palepale: je, maji yanazunguka, na je, hewa imekaa mbali na pampu?

Swali la 1. Fuata safari ya joto kutoka kwenye prosesa hadi nje ya kasha, ukitaja kila sehemu ya kipozaji linamopita.

Jibu: Joto linatoka kwenye prosesa, linapita kifuniko chake cha chuma, linapita utando mwembamba wa grisi ya joto, linaingia kwenye bamba la shaba. Upande wa ndani wa bamba hilo umechongwa mifereji myembamba sana ili maji yaguse shaba kwa eneo kubwa. Juu ya bamba, ndani ya kibweta kimoja nalo, ndiko iliko pampu kwa vipozaji vingi vya aina hii. Pampu inasukuma maji kupitia mpira mmoja hadi kwenye rejeta. Humo maji yanapita kwenye mirija bapa, joto linahamia kwenye mapezi ya alumini, feni zinapuliza hewa katikati ya mapezi, na maji yaliyopoa yanarudi kwa mpira wa pili.

Aliyewahi kukaa gereji anaijua picha hii. Ni rejeta ya gari iliyopunguzwa umbo. Tofauti moja lazima uiandike. Kipozaji hiki kimejazwa na kufungwa kiwandani, na vingi havina mfuniko wa kuongezea maji. Ndani yake kuna kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na glikoli na dawa za kuzuia kutu na ukungu. Shaba na alumini zikikaa pamoja kwenye maji ya kawaida, alumini ndiyo inayolika. Kwa hiyo jibu la "fungua, ongeza maji ya bomba" halipati alama hata moja.

Swali la 2. Kwa nini maji, wakati hewa ni ya bure?

Jibu: Kwa sababu ya uwezo wa kubeba joto. Ukichukua ujazo uleule wa maji na wa hewa, ukavipandisha vyote nyuzi moja, maji yatakuwa yamebeba joto takribani mara 3,500 zaidi. Mpira mwembamba wa maji unaweza kulitoa joto mahali pafinyu karibu na prosesa na kulipeleka kwenye rejeta kubwa ukingoni mwa kasha, ambako kuna nafasi ya feni mbili au tatu.

Hata hivyo, maji hayaui joto. Yanalihamisha tu, na anayelipokea mwishoni ni hewa ya chumba. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 32 mchana, kulanti haitashuka chini ya nyuzi 32 hata ukifunga rejeta ya urefu gani. Mwanafunzi anayeandika kwamba kipozaji cha maji hushusha prosesa chini ya joto la chumba amekichanganya na jokofu.

Swali la 3. Prosesa inatoa joto la wati 210. Pampu inapitisha lita 1 ya maji kwa dakika. Maji yanapanda nyuzi ngapi yakipita juu ya bamba la shaba? Tumia 4,200 kama jouli zinazohitajika kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja.

Jibu: Lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa dakika moja prosesa inatoa jouli 210 × 60 = 12,600. Gawanya kwa 4,200, unapata 3. Maji yanapanda nyuzi 3 tu.

Wengi wakipata jibu hili hudhani wamekosea, wakafuta. Usifute. Maji yanayozunguka vizuri yanatoka kwenye bamba yakiwa na joto karibu sawa na yalivyoingia, kwa sababu hayakai pale. Ulishike jibu hili, maana kwenye swali la mwisho litakuwa kifaa chako cha kupimia ugonjwa wa mashine bila kipimajoto. (Kulanti yenye glikoli inabeba joto kidogo pungufu ya maji matupu, kwa hiyo katika mashine halisi tofauti huzidi 3 kidogo. Mtihani wenye namba nyepesi kama hizi haukudai hilo.)

Swali la 4. Kipi ni hatari zaidi na ya haraka zaidi: feni zote za rejeta kusimama, au pampu kusimama? Eleza kwa hesabu.

Jibu: Pampu. Tuchukue kipozaji chenye maji gramu 150 na prosesa ileile ya wati 210. Feni zikisimama huku pampu ikiendelea, joto linasambaa katika maji yote. Kupandisha gramu 150 nyuzi moja kunahitaji jouli 0.15 × 4,200 = 630, na prosesa inazitoa kwa sekunde 3. Kwa hiyo maji yanapanda nyuzi 1 kila sekunde 3, au nyuzi 30 kwa dakika moja na nusu, hata tukiacha msaada wa chuma cha rejeta na hewa inayopita yenyewe. Mtumiaji ana muda wa kusikia ukimya usio wa kawaida na kuzima.

Pampu ikisimama, maji yanayolipokea joto ni yale machache tu yaliyo juu ya bamba. Rejeta yote, na maji yote yaliyomo, vinakaa baridi pembeni bila kazi. Prosesa inafika kikomo chake ndani ya muda mfupi sana. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 kikomo chake ni nyuzi 100, na Ryzen nyingi za mfululizo wa 7000 ni nyuzi 95. Zikifika hapo zinapunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine inazimika kujilinda. Ulinzi huo ni mzuri, lakini mteja hajanunua kompyuta ili iishi kwa kujilinda.

Swali la 5. Namba 240, 280 na 360 kwenye boksi la kipozaji zina maana gani? Je, kasha lililoandikwa 240 litapokea 280?

Jibu: Ni urefu wa eneo la feni kwa milimita. 240 ni feni mbili za milimita 120, 360 ni feni tatu za 120, na 280 ni feni mbili za milimita 140. Urefu wa rejeta yenyewe unazidi namba hiyo, kwa sababu ya matangi mawili ya mwisho na mwanzo.

Kasha la 240 halipokei 280, na sababu si urefu pekee. Matundu ya skrubu ya feni ya 120 yako umbali wa milimita 105, ya feni ya 140 yako milimita 124.5. Hayakutani.

Pima unene pia. Rejeta nyingi zina milimita 27 na feni milimita 25, jumla 52. Zipo rejeta za milimita 38, na hapo jumla ni 63. Rejeta ya juu ya kasha ikishuka kiasi hicho inaweza kugonga RAM ndefu au vipoza-joto vya chuma vilivyo ukingoni mwa mazabodi, na rejeta ya mbele inaweza kuizuia kadi ndefu ya picha. Chukua futi kamba kabla ya kuchukua pochi.

Swali la 6. Rejeta ifungwe wapi? Linganisha juu, mbele na chini ya kasha.

Jibu: Ukiwa na muda wa kusoma swali moja tu usiku wa kuamkia mtihani, soma hili.

Ndani ya kila kipozaji kuna hewa kidogo tangu kiwandani. Miaka ikienda, maji yanapenya taratibu kwenye kuta za mipira na kupotea nje, na nafasi yao inachukuliwa na hewa zaidi. Huwezi kulizuia hilo, lakini unaweza kuchagua hewa hiyo ikae wapi. Hewa hupanda. Basi jiulize: sehemu ya juu kabisa ya mzunguko mzima ni ipi? Hapo ndipo itakapojikusanya.

Rejeta ikiwa juu ya kasha, sehemu ya juu ni tangi la rejeta. Hewa inakaa humo kwa utulivu, pampu iko chini imejaa maji. Hii ndiyo nafasi bora.

Rejeta ikiwa mbele, imesimama wima, angalia ncha yake ya juu. Ikiwa imepita juu ya pampu, mpangilio unakubalika. Mipira ikitokea upande wa chini wa rejeta ni vizuri zaidi, kwa sababu hewa inabaki kwenye tangi la juu, mbali na midomo ya mipira. Mipira ikitokea juu, kazi inafanyika, ila hewa iko mlangoni kabisa, na maji yakipungua pampu inaanza kuvuta viputo na mtumiaji anasikia mbubujiko. Wakati mwingine mipira haifiki ikitokea chini kwa sababu kadi ya picha iko njiani. Usiilazimishe ikakunjika. Mpira uliokunjika ni bomba lililozibwa.

Rejeta ikiwa chini ya kasha, sehemu ya juu kabisa ni pampu yenyewe. Hewa yote inakwenda pale. Pampu inapiga kelele, na kwa kuwa ekseli yake inalainishwa na maji yaleyale, inalika ikizunguka bila maji. Usifunge hivi.

Mtego wa mtahini: rejeta ya 240 imefungwa mbele, lakini imeshushwa hadi ncha yake ya juu iko chini ya pampu. Wanafunzi wengi wanaona neno "mbele" wanaandika "sahihi". Ni kosa lilelile la rejeta ya chini, limevaa nguo nyingine. Cha kupima ni kimo, wala si jina la upande.

Swali la 7. Kwa nini vifungio vya soketi moja haviingii kwenye soketi nyingine?

Jibu: Matundu yanatofautiana. Soketi za Intel za familia ya LGA115x na LGA1200 zina matundu yaliyoachana milimita 75. LGA1700, iliyokuja mwaka 2021, ina milimita 78. Milimita tatu zinatosha kukuharibia siku. Kwa upande wa AMD, AM5 ya mwaka 2022 inapokea vipozaji vingi vilivyotengenezwa kwa AM4 vinavyotumia bamba la nyuma la asili. Bamba hilo kwenye AM5 halitolewi, kwa sababu ndilo linaloishikilia soketi.

Nyongeza kwa wanaofungua mashine za AM4: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na grisi iliyokauka hugandisha. Iache mashine ifanye kazi dakika chache ipate joto, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha kibweta cha pampu kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukivuta moja kwa moja, prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda.

Swali la 8. Eleza jinsi ya kufunga kibweta cha pampu juu ya prosesa.

Jibu: Safisha kifuniko cha prosesa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Bandua plastiki inayolinda bamba la shaba. Nairudia: bandua plastiki. Kama bamba halikuja na grisi yake, weka tone lenye ukubwa wa punje ya njegere katikati. Kwa prosesa kubwa ndefu, mchoro wa X unasambaa vizuri zaidi. Shusha kibweta wima. Anza kila skrubu kwa vidole, kisha kaza kwa mshazari, mizunguko miwili mitatu kila moja, ukirudia mpaka zote zigote. Ukikaza kona moja hadi mwisho kwanza, bamba linainama, grisi inakimbilia upande mmoja na upande wa pili unabaki na hewa.

Swali la 9. Mwanafunzi amefunga rejeta juu ya kasha kwa skrubu ndefu, bila feni katikati. Kuna ubaya gani?

Jibu: Skrubu ndefu, karibu milimita 30, zimekusudiwa kuvuka unene wa feni. Bila feni, ncha zake zinazama ndani ya rejeta na zinaweza kutoboa mrija wa maji. Skrubu fupi ndizo za kushikia rejeta kwenye kasha. Ukihisi skrubu inakataa, isimamishe; usiongeze nguvu ya bisibisi.

Swali la 10. Utajuaje feni inapuliza upande gani bila kuiwasha?

Jibu: Hewa inatokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Nyingine zina mishale ubavuni. Feni zote za rejeta moja zielekee upande mmoja. Rejeta ya juu kwa kawaida inatoa hewa nje. Rejeta ya mbele kwa kawaida inaingiza hewa ya chumba; prosesa inapata hewa baridi zaidi, ila kadi ya picha inapokea hewa iliyokwisha kupata joto. Katika miji yenye vumbi, rejeta ya mbele ndiyo inayolipokea kwanza, kwa hiyo iwe na chujio linalotoka kwa urahisi.

Swali la 11. Chora au eleza plagi ya pini nne ya pampu au feni. Kila pini ina kazi gani, na mwendo unapunguzwa vipi?

Jibu: Pini ya 1 ni ardhi. Pini ya 2 ni umeme wa volti 12. Pini ya 3 inapeleka habari: inatuma ishara mbili kwa kila mzunguko mmoja, na mazabodi inazihesabu ili ijue kasi. Pini ya 4 ni ya amri, inayoitwa PWM. Hupokea ishara inayowashwa na kuzimwa karibu mara 25,000 kwa sekunde, na sehemu ya muda ambayo ishara imewaka ndiyo inayoiambia mota iende kasi gani. Volti 12 kwenye pini ya 2 hazibadiliki.

Plagi ya pini tatu haina pini ya amri. Mwendo wake unapunguzwa kwa kushusha volti zenyewe, kutoka 12 hadi 7 au chini ya hapo. Hapa ndipo pampu zinapouawa. Pampu ya pini tatu ikichomekwa kwenye heda ya feni ya kasha (heda ni ile safu ndogo ya pini kwenye mazabodi), na heda hiyo imewekwa kwenye hali ya ukimya, mazabodi inaitendea kama feni: joto likiwa chini, inaipunguzia volti. Feni ikipunguziwa inapuliza polepole. Pampu ikipunguziwa mno haianzi kabisa, au inazunguka kiasi cha kutikisa maji tu.

Swali la 12. Mazabodi ina heda zilizoandikwa CPU_FAN, CPU_OPT, AIO_PUMP na CHA_FAN. Utaunganisha nini wapi?

Jibu: Pampu kwenye AIO_PUMP, ambayo kwa bodi nyingi huja ikiwa imewekwa mwendo kamili. Feni za rejeta kwenye CPU_FAN, kwa kigawanyio kama ni zaidi ya moja. Ya ziada inaweza kwenda CPU_OPT, ambayo kwa kawaida inafuata amri za CPU_FAN. CHA_FAN ni za feni nyingine za kasha.

Pampu ikiwa inachukua umeme kutoka plagi ya SATA ya pawa saplai, bado inakuwa na waya mwembamba wa kupeleka habari ya kasi. Uchomeke huo kwenye CPU_FAN au AIO_PUMP. CPU_FAN ikibaki tupu, bodi nyingi zinagoma kuwaka na kuandika kosa la feni ya prosesa. Wapo mafundi wanaokwenda BIOS na kuizima tahadhari hiyo ili mashine iwake. Mimi nalihesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko la kusahau waya. Aliyesahau waya ataambiwa na mashine. Aliyezima tahadhari ameinyamazisha mashine siku pampu itakapokufa.

Ukimaliza, ingia BIOS, weka heda ya pampu kwenye mwendo kamili, na usome mizunguko kwa dakika. Pampu nyingi zinazunguka kati ya 2,000 na 3,000 na kitu. Ukiona sifuri, usiendelee na kusakinisha Windows.

Swali la 13. Heda moja inaruhusu ampea 1. Mwanafunzi ameweka kigawanyio chenye feni tatu za ampea 0.30 kila moja na pampu ya ampea 0.50. Toa hukumu.

Jibu: 3 × 0.30 + 0.50 = ampea 1.40. Kwa volti 12 ni wati 16.8, wakati heda inaruhusu wati 12. Imezidiwa, na kinachoungua ni njia ya umeme ndani ya mazabodi, kitu ambacho hakibadilishwi kama fyuzi. Feni pekee ni ampea 0.90, zinakaa, ingawa zimekaribia ukingo. Pampu ihamie heda yake, ambayo mara nyingi inaruhusu ampea 2 au 3, au ipate umeme wa SATA. Plagi ya SATA inaweza kutoa hadi ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Vipo vipozaji vinavyotoka kiwandani na pampu na feni kwenye waya mmoja. Hapo soma ampea zilizoandikwa kwenye kijitabu, jumlisha, kisha amua.

Swali la 14. Kweli au si kweli?

*Taa za pini tatu na za pini nne zinaweza kubadilishana heda.* Si kweli. Za pini tatu ni za volti 5, kila taa ina rangi yake. Za pini nne ni za volti 12. Ukilazimisha taa za volti 5 kwenye volti 12, zinaungua papo hapo.

*Waya wa USB unaotoka kwenye pampu ndio unaoipa nguvu.* Kwa kawaida si kweli. Huo ni wa mawasiliano na programu, kwa ajili ya taa, kasi na joto la kulanti. Unaingia kwenye heda ya USB 2.0 yenye pini tisa.

*Rejeta kubwa inapunguza umeme unaotumiwa na prosesa.* Si kweli kwa maana inayotakiwa. Core i9-13900K inaruhusiwa kufika wati 253. Kipozaji kizuri kinaiwezesha kukaa huko kwa muda mrefu zaidi.

Swali la 15. Umeme wa mtaani ukishuka, je, pampu inapungua kasi? Na ukikatika ghafla?

Jibu: Pawa saplai nzuri ya sasa, yenye wigo wa volti 100 hadi 240, inaendelea kutoa volti 12 zilezile hata umeme wa ukutani ukishuka kutoka 230 hadi 180. Pampu haina habari. Umeme ukikatika, pampu inasimama, lakini prosesa nayo imezimika sekunde hiyohiyo, kwa hiyo hakuna joto jipya la kubebwa. Hatari ya kukatikakatika kwa umeme iko kwenye diski na kwenye pawa saplai, na dawa yake ni UPS. Usiitaje kama sababu ya prosesa kupata joto, labda mtahini akupe ushahidi.

Swali la 16. Je, vipozaji hivi huvuja?

Jibu: Mara chache, lakini ndiyo. Apple ilitoa Power Mac G5 yenye kupozwa kwa maji mwaka 2004, na baadhi ya mashine za familia hiyo zilikuja kuvuja na kuharibu ndani. Leo mipira na viungio vimeboreka sana. Ukiona majimaji, zima, chomoa ukutani, ondoa kipozaji, kausha, na usijaribu kuziba kwa gundi. Kwa hali ya kawaida, kinachokimaliza kipozaji ni pampu kuchoka au maji kupungua.

Swali la 17. Mteja analeta mashine. Inawaka vizuri, lakini akianza kazi nzito inakuwa nzito kisha inazima. Kipozaji ni kipya. Eleza hatua zako.

Jibu: Nitalijibu kwa mashine niliyoletewa kweli, na kijana anayehariri video za harusi. Alikuwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba prosesa ni mbovu, na alikuwa anajipanga kununua nyingine.

Kwanza sikufungua kitu. Niliiwasha, nikaipa kazi nzito, nikashika mipira miwili kwa vidole. Mmoja ulikuwa wa moto karibu na pampu, wa pili ulikuwa baridi kama ukuta. Kumbuka hesabu ya swali la 3: maji yakizunguka vizuri, mipira inatofautiana nyuzi chache tu, na vidole havitambui kwa urahisi. Tofauti kubwa inasema maji hayaendi. (Mipira yote miwili ikiwa baridi huku prosesa iko karibu na nyuzi 100, shuku pampu iliyokufa kabisa, au bamba lisilogusa prosesa, ikiwemo plastiki isiyobanduliwa.)

Pili, nikaingia BIOS. Prosesa ilikuwa inapanda hata pale, bila kazi yoyote, na CPU_FAN ilionyesha feni zikizunguka sawasawa, jambo lililomdanganya aliyetangulia. Heda ya pampu haikuonyesha chochote. Nikafuata waya wake kwa mkono: ulikuwa umechomekwa CHA_FAN ya pili, chini kabisa ya bodi, na heda hiyo ilikuwa kwenye hali ya ukimya. Mizunguko ya pampu ilikuwa 870 kwa dakika.

Tatu, nikazima, nikachomoa ukutani, nikauhamishia waya AIO_PUMP, nikaweka mwendo kamili. Namba ikapanda hadi 2,700. Kwa kazi ileile ya video, prosesa iliyokuwa inagota 98 ikatulia kwenye 71. Hakununua prosesa.

Mtahini akiuliza ulichomwachia mteja, usiandike "ushauri". Andika kitu kinachoshikika. Mimi nilibandika kipande cha karatasi ndani ya mlango wa kasha: tarehe, namba ya mizunguko ya pampu kwa mwendo kamili, na joto la prosesa chumba kikiwa na nyuzi 29. Atakayeifungua mashine ile baada ya miaka mitatu, awe mimi au fundi mwingine, ataingia BIOS na kulinganisha namba zake na zile za siku pampu ilipokuwa nzima.